Soko mlangoni mwa malewa



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa upande wa Kolwezi. Ana restora ndogo ya meza nne kwenye njia ya wachimbaji. Anasema miaka miwili iliyopita mbele ya mlango wake hakukuwa mtu. Leo wauzaji wamekaa mistari miwili toka asubuhi mpaka usiku, na nyanya, na makayabu, na nguo za mitumba, na mikate ya kukaanga, hata wali na maharagi ndani ya sufuria. Pikipiki haipiti tena, njia imekuwa ya miguu tu. Anauliza hivi: wateja wake wanakula mbele ya mlango wake, kwa mtu asiyelipa nyumba wala patente. Akiita polisi wawafukuze, ni zambi?

Mama, njia yako siijui. Lakini mambo unayoyaandika ninayaona kila siku huku Lubunga, na nitakujibu kwa kuwaonyesha wasomaji njia yetu. Vijana pia wasome, sababu wengi wao ndio wanauza pale, na wengine ndio wanakula.

Kwa wale wasioijua Kisangani: mji una komini sita. Tano ziko upande wa kuume wa mto, ni Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani. Lubunga peke yake iko upande wa kushoto. Daraja juu ya mto Kongo hakuna. Mtu anayekwenda kazini, mgonjwa anayekwenda hospitali kubwa, mwanafunzi wa inivesite, wote wanavuka kwa mtumbwi, wa kafi ama wa motere, na magari yanangojea baki. Tena Lubunga ndipo reli inapoanzia. Munajua kwamba juu ya Kisangani mto unavunjika kwa maporomoko saba ya Boyoma, na mashua haziwezi kupita mpaka Ubundu. Kwa hiyo wakati wa Wabeleji walijenga reli ya kilomita 125 ya kuzunguka maporomoko. Ilifunguliwa mwaka 1906, Ubundu ikiwa bado inaitwa Ponthierville. Mizigo ya kupanda kwenda Kindu ilipita hapa, na watu wa kuibeba walitaka kula. Siku hizi treni haipiti kila siku, lakini desturi ya kupika kwa ajili ya msafiri imebaki katika mikono ya mama zetu.

Sasa tazameni vile soko linavyozaliwa. Mtu akishuka kwenye mtumbwi, anapanda kwa miguu. Hata mwenye feza anapanda kwa miguu mpaka pale juu penye pikipiki. Basi kila mtu wa Lubunga, tajiri na maskini, anapita mahali pamoja polepole, macho yake yakiangalia kulia na kushoto. Hakuna mtu aliyepanga soko pale. Mama mmoja aliweka beseni ya kwanza, wa pili akakaa karibu naye, kisha kijana akaja na meza ya betri na simu. Soko la kujengwa linangojea watu walifuate. Soko la njiani linakaa pale watu wako tayari. Ninyi wa carrière munalijua hilo kuliko mimi: wachimbaji wakisikia kuna zahabu mahali, juma moja halijaisha, chumvi na sabuni zimeshafika.

Ni nani anayelisha nani?

Watu wengi wanasema soko la njiani linaua malewa. Wengine wanasema linaziponyesha. Mimi nimekaa karibu nazo miaka ya kutosha, na ninaona kwamba inategemea chakula gani, na saa gani.

Tuanze na asubuhi. Mama malewa hana frigo, na hata akiwa nayo, umeme wa kuiwasha ni wa mashaka. Kwa hiyo hawezi kununua ya juma zima. Anaamka saa kumi na moja, anatoka nje, ananunua sombe ya siku hiyo, chupa ya mafuta ya ngazi, makala ya mfuko mdogo, makemba, na samaki kadiri ya feza aliyoibakisha jana. Kama chakula kimeisha saa saba na wateja bado wako, anamtuma mtoto hatua ishirini tu, anarudi na samaki mwingine. Kwa malewa, soko la njiani ni gala lake. Likiondolewa, atalipa pikipiki kwenda mbali kununua, na bei ya sahani itapanda, ama kipande cha samaki kitapungua. Mama huyu anayelalamika juu ya wauzaji ni mteja wao wa kwanza kila asubuhi.

Saa za mchana ni zile zile. Yule muuzaji wa nyanya aliyekaa toka giza hawezi kwenda nyumbani kula. Anakula pale. Mnunuzi wake anayengojea mtumbwi ujae naye anakula pale. Nilimwomba mama mmoja wa malewa afanye kazi moja ndogo: kila mteja akilipa, atupe punje ya muhindi ndani ya kopo. Kopo moja la wauzaji na watu waliokuja sokoni, kopo lingine la majirani na wafanyakazi wa kila siku. Alinicheka. Lakini alifanya hivyo juma moja, kisha akaniita aone aibu mbele yangu, ni neno lake mwenyewe, sababu kopo la soko lilikuwa linajaa la kwanza siku zote isipokuwa siku ya Mungu.

Lakini tusiseme nusu ya kweli. Kuko chakula ambacho soko limekinyang'anya malewa kabisa, nacho ni chai ya asubuhi. Zamani mfanyakazi alikaa kwenye benchi, akapewa chai na mkate na mayai. Leo anakula mikate ya kukaanga mitatu akitembea, anakunywa chai kwa kikombe cha plastiki akisimama, anaingia mtumbwini. Ni bei nusu. Mama wa beseni hana nyumba ya kulipa, hana meza, hana kijana wa kuosha sahani. Kushindana naye kwa mikate ni bure, na malewa nyingi zimejifunza hilo kwa hasara. Mishikaki ya jioni nayo imekwenda njiani, mpishi amesimama na moto wake na moshi unamwita mteja toka mbali.

Kinachobaki kwa malewa ni chakula cha kukaa. Lituma yetu, ile makemba ya kuchemsha na kuponda, pamoja na sombe na samaki wa mto, huwezi kuila ukitembea. Mikono inataka maji, sahani inataka meza, mfupa wa samaki unataka mtu ametulia. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mteja wa malewa hanunui chakula peke yake. Ananunua kiti, kivuli, maji ya kunawa, mahali pa kuweka mzigo bila kuogopa mwizi, na (tusione haya kulitaja) choo. Malewa zilizokufa kwenye njia yetu hazikuwa zile zenye wauzaji wengi mbele ya mlango. Zilikuwa zile ambazo mteja alikaa ndani akaona ni sawasawa na kukaa nje: hakuna maji, nzi wengi, benchi moja. Kwa nini alipe zaidi?

Sisemi neno juu ya zile nyumba ambazo chakula ni kisingizio cha lotoko na muziki wa kupasua masikio mpaka saa sita ya usiku. Zile zina wateja wao. Mimi ninaongea juu ya mama anayelisha watu.

Watu wa nyuma

Katika mabishano haya mama malewa anasemwa, na muuzaji anasemwa. Mtu mmoja anasahauliwa: jirani. Naye si mtu mmoja, ni watu wa namna mbili.

Wa kwanza ni mwenye parseli inayotazama njia. Huyu anacheka. Amebomoa kipande cha lupango, amepangisha kibanda. Tena kila asubuhi anapokea kitu kidogo kwa kila meza iliyowekwa mbele ya nyumba yake, nje ya lupango, juu ya njia. Ndugu zangu, hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, na mtu anapewa haki ya kutumia kipande chake. Njia haimo ndani ya kipande hicho. Njia ni ya watu wote. Mwenye kupokea feza ya njia anauza kitu ambacho hakupewa. Na yule muuzaji aliyelipa anafikiri amenunua haki, kwa hiyo ukimwomba asogee hatua moja anakasirika: "Nimelipa!" Ugomvi mwingi wa sokoni mzizi wake uko pale, si kwa beseni.

Wa pili ni yule anayekaa parseli ya nyuma. Yeye hapokei kitu. Moshi wa makala unaingia kwake. Muziki unaingia kwake. Wauzaji mia wanaokaa toka giza mpaka giza bila choo, munafikiri wanakwenda wapi? Wanakwenda nyuma ya ukuta wake. Maganda ya makemba na majani ya kwanga yanaziba mtaro, mvua ya mwezi wa kumi inapiga, na maji yote yale yanaingia katika kiwanja chake, penye kisima chake. Mwaka 2025 kolera ilipiga mkoa wetu wa Tshopo. Ugonjwa huu hauanguki toka mbinguni. Unatoka kwa mavi ya mtu mmoja na kuingia katika kinywa cha mwingine, kwa njia ya maji, mikono na chakula kisichofunikwa, na unaweza kummaliza mtu kwa saa chache kwa kumkausha maji ya mwili. Mtaro uliozibwa sokoni na sahani iliyooshwa kwa maji machafu ni ndugu wa karibu sana. Kolera ikitajwa, mteja anaogopa kukaa kwa malewa, na anaogopa beseni pia. Wote wawili wanalala njaa pamoja.

Kisha kuko mambo ya kupita. Niliona mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa akipelekwa mtoni usiku wa sokoni, amebebwa na wanaume wanne, na kila hatua tatu walisimama ili mtu aondoe meza. Hakuna aliyekataa kuondoa. Watu wetu si wabaya. Lakini meza zilikuwa nyingi. Alifika, na alizaa ng'ambo ya pili. Ingekuwa vingine, ni nani kati yetu angehesabiwa hatia? Kila mmoja alikuwa amechukua hatua moja tu ya njia.

Kwingine wamefanya nini?

Kinshasa, soko kubwa la Zando lilikuwa limejengwa kwa wauzaji karibu 3,500, na mwishoni lilikuwa limebeba zaidi ya 20,000. Mwezi wa kwanza 2021 serikali ya mji ililifunga ili lijengwe upya. Wauzaji hawakukaa nyumbani kungojea, walikaa katika avenyu za jirani. Dar es Salaam, katika mtaa wa Kariakoo, mambo yalikwenda kinyume. Mwezi wa kumi na mbili 2018, Rais Magufuli alianza kuwapa wauzaji wadogo vitambulisho kwa shilingi 20,000, na wengi walikaa njiani bila hofu. Wenye maduka wakalia kwamba milango imefunikwa. Lakini hata wao hawakuwa safi, sababu wengine waliwapa wale wauzaji mali ya duka lao waiuze nje, pasipo risiti. Mwaka 2021 serikali iliwaondoa njiani na kuwaonyesha mahali pengine, na neno la wauzaji lilikuwa moja: kule mulikotupeleka, watu hawapiti.

Zanzibar wana mfano wa tatu, ambao mimi ninaupenda zaidi. Pale Forodhani, mbele ya bahari, wapishi wa jioni wanapanga meza zao na kuuza pweza, mishikaki, urojo na maji ya muwa. Bustani ile ilikuwa imechakaa. Haikufungwa kwa milele, wala wapishi hawakutupwa porini. Taasisi ya Aga Khan ya utamaduni iliitengeneza upya pamoja na serikali, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na wapishi wakarudi pale pale penye watu, sasa kwa mpango wa mahali na taa na usafi. Najua, mutasema wao wana watalii, sisi tuna maji ya mvua. Ni kweli. Lakini kupanga mistari hakungojei watalii.

Katika Biblia kuna habari moja watu wanaipita haraka. Ni katika 1 Wafalme 20, mwishoni mwa vita ya Ahabu na Beni-Hadadi. Mfalme wa Shamu aliyeshindwa anamwahidi Ahabu kwamba atamruhusu kujifanyia njia ndani ya Damasko, kama vile baba yake alivyofanya Samaria. Kwenye shule ya Biblia tulifundishwa kwamba njia zile zilikuwa njia za biashara, masoko ya barabarani. Ahabu hakuwa mtu mwema, na mapatano yale nabii aliyakemea kwa sababu nyingine. Lakini ona: hata wafalme wapagani walijua kwamba soko ndani ya njia ya mtu mwingine linaanza kwa mapatano. Na Nehemia, katika sura ya 13, alipofunga milango ya Yerusalema, hakuwakataza wachuuzi kuuza. Alikataza siku ya Sabato. Aliweka saa. Juu ya choo, someni Kumbukumbu la Torati 23, pale Musa anapoamuru kila mtu awe na kitu cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, na afukie. Watu wa jangwani walipewa sheria ya choo na Mungu mwenyewe, na sisi wenye soko la watu mia hatuna?

Jibu kwa mama wa Kolwezi

Mama, kuomba sheria si zambi. Lakini angalia ni nani atakuja ukiita. Mahali pengi katika nchi yetu anayekuja hapangi mistari, anamwaga beseni, na vingine vinakwenda naye. Beseni ile ndiyo kapitali yote ya mjane fulani, pengine ameikopa kwa kikundi cha likelemba. Kesho atarudi, sababu hana pengine pa kwenda, na atarudi na deni. Naye hatakula kwako tena. Kwa hiyo, mbele ya kuita mtu, fanya hesabu ya makopo mawili juma moja. Kama kopo la soko ndilo linajaa, ujue unataka kuwafukuza wateja wako.

Kama kopo la soko ni tupu, basi tazama unauza nini. Ukiuza mikate na chai sawa na wao, utashindwa. Weka ndoo ya maji yenye robine na sabuni mlangoni, waone. Funika chakula. Weka benchi ya pili penye kivuli. Pika kile kisicholiwa kwa kusimama. Na mwanamke anayeuza wali mlangoni pako, umewahi kumwuliza jina lake? Sikulaumu, ninauliza tu. Hapa kwetu mama mmoja wa malewa alimwuliza, na leo yule muuzaji anakaanga mikate mpaka saa tatu asubuhi, kisha anaingia ndani kuosha sahani kwa mshahara. Si kila mahali itakuwa hivyo.

Kwa mambo ya njia yenyewe, usiende peke yako. Kusanya malewa, wauzaji, na hasa watu wa parseli za nyuma, muende kwa shefu wa kartie. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008 imeifanya komini kuwa na uongozi wake na sanduku lake, na masoko na usafi wa mtaa ni kati ya kazi zake. Muuzaji anayelipa kodi ya meza kila siku aombe risiti, na aiweke. Risiti za juma moja mezani zinaongea kuliko kelele: watu hawa wanalipa, je, pipa la takataka liko wapi? Ombeni kwa heshima, lakini ombeni. Vijana wa kanisa wanaweza kufanya salongo ya kufungua mtaro, nayo ni kazi njema, lakini wasiifanye mpaka wenye kulipwa kwa kazi hiyo wasahau kwamba ni yao.

Huku kwetu tulikutana ndani ya kanisa siku mbili baada ya ibada. Siku ya kwanza ilikuwa kelele. Siku ya pili mzee mmoja alileta kamba, na tulitoka nje wote tukapima njia. Walipatana nafasi ya mita mbili na nusu katikati, ili machela ipite na mtu anayekuja mbele apate pa kusimama. Vijana wawili wanapita na kamba hiyo kila asubuhi. Wauzaji wa chakula cha kupikwa wanakaa mbele ya malewa mpaka saa tatu, kisha nafasi ile ni ya benchi za malewa. Mwenye parseli mmoja alikataa kuacha feza yake ya meza, alisema ni ya babu yake, na bado anakataa.

Choo ndicho kilichotuchelewesha. Mahali pamepatikana, penye umbali mzuri na kisima, katika kiwanja cha mmoja wa watu wa nyuma, ambaye ameomba mtaro wake ufunguliwe kwanza. Umefunguliwa. Malewa tatu zimetoa feza ya mbao, wauzaji wametoa mikono ya kuchimba. Ubishi uliobaki ni wa ufunguo. Mama wa malewa ya kwanza anataka ukae kwake, sababu yeye anafungua mapema. Wauzaji wanasema ukikaa kwake watalazimishwa kununua chai ndipo wapewe. Mwenye kiwanja anasema choo kiko kwake na ufunguo ukae kwake, lakini yeye anavuka mto saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni. Tumeweka Alhamisi ijayo, saa tisa, kuongea juu ya ufunguo tu.